Mapatano Yafanywe Kabla ya Mbolea Kufika

Wanachama wanaotaka kukodi mikarafuu kwa shirika hutaka kujua waandike nini katika mapatano yao. Tumeona tuwapeleke kwanza bara, mpaka Mpanda, makao ya Mkoa wa Katavi uliotengwa na Rukwa mwaka 2012. Huko hakuna karafuu, ila iko tumbaku, na tumbaku humfundisha mtu maana ya kudhaminiana.

Mkulima wa tumbaku hutaka mbolea na dawa kabla hajaona hata jani moja. Huvipata kwa mkopo kupitia chama chake cha msingi, na ndani ya chama wakulima hujiunga vikundi vya kudhaminiana. Siku ya malipo deni hukatwa kwanza. Mmoja akishindwa, wenziwe humlipia kwa fedha za jasho lao, na hapo ndipo vikundi huvunjika, na ujirani pia.

Shida yenyewe ni kwamba dhamana haiulizi sababu. Aliyeugua msimu mzima, aliyeunguliwa na bani, yaani nyumba ya kukaushia majani, na aliyeuza marobota yake gizani kwa mlanguzi, wote watatu daftarini ni wadaiwa sawasawa. Kikundi ndicho kiwezacho kuwatenga, nacho sharti kiseme mapema, wakati kila mtu hajajua yeye atakuwa yupi kati ya hao watatu. Aliyepatwa na msiba atoe habari kwa nani, na kabla ya siku ngapi? Wenziwe wamvunie siku ngapi? Deni watakalomlipia alirudishe kwa misimu mingapi? Na mwenye magendo, ambayo sisi wa karafuu twayajua sana, atolewe kikundini na deni limfuate.

Kuandika “tushirikiane na tuheshimiane” si mapatano. Nani atakataa?

Zamu nazo ziandikwe kwa majina. Majani yakishaingia banini, moto huangaliwa usiku na mchana kwa siku kadhaa, na anayesinzia huharibu mali ya wote wanaotumia bani hilo.

Turudi kwetu. Kikundi cha kukodi mikarafuu kiandike nani ashike pishi wachumaji wanapopimiwa, nani aanue majamvi mvua ikitishia, na nani aende kituoni kuuza, na risiti aionyeshe kwa nani siku hiyo hiyo. Hayo ni mepesi. Zito ni hili: mwenzenu akianguka mkarafuuni katikati ya msimu, fungu lake laendelea au lakoma? Sisi twaona liendelee mpaka karafuu za msimu huo ziishe kuuzwa, na gharama za tiba zitolewe kabla ya kugawana faida. Wapo watakaoona ni kubwa mno. Basi wakate wao kiasi chao, lakini wakiandike kabla mtu hajapanda mti.