Likizo ya Melini: Mtoto Analindwaje Baharini?

Sisi wengi tukipanda meli au mashua tuna mahali pa kwenda. Tunakwenda sokoni, hospitali au msibani. Tukifika tunashuka, na safari imekwisha. Lakini wako watu wanaopanda meli kwa kupumzika tu. Wanazunguka baharini siku 3, 5 au 7, halafu wanarudi bandari ile ile waliyotoka. Wengi wanakwenda na watoto wao. Leo tueleze likizo hiyo ilivyo, na jinsi wazazi wanavyowalinda watoto majini.

BAHARI YA KARIBI

Safari nyingi za namna hii hufanywa katika Bahari ya Karibi, huko Amerika. Kuna nchi nyingi za visiwani, kama Kuba, Jamaika na Barbados. Wakazi wengi wa visiwa hivyo ni wazao wa Waafrika waliopelekwa utumwani kulima miwa. Huko ni joto mwaka mzima. Kwa hiyo watu wa Marekani hukimbilia huko wakati kwao kuna baridi kali. Meli nyingi huanzia Miami na bandari nyingine za jimbo la Florida, nchini Marekani.

MELI KAMA MJI

Mwaka 2024 meli iitwayo Icon of the Seas ilianza safari zake kutoka Miami. Urefu wake ni kama mita 365. Ukipanga viwanja vitatu vya mpira kwa mstari, bado meli inazidi! Ina ghorofa 20. Inaweza kuchukua abiria 7,600, mbali na wafanyakazi zaidi ya 2,300. Ndani mna vyumba vya kulala, mahali pa kula, mabwawa ya kuogelea na zahanati. Maji ya bahari huondolewa chumvi ndani ya meli, yakawa maji ya kunywa.

Watoto nao wana mahali pao pa kucheza, na waangalizi wao. Mara nyingi hupokelewa mtoto wa miaka 3 na zaidi, aliyekwisha kuacha nepi. Wafanyakazi wengi wa meli hizi wanatoka Ufilipino, Indonesia na India. Wako wanaolea watoto wa wenzao melini miezi mingi, huku watoto wao wenyewe wamebaki nyumbani.

JE, MELI KUBWA HAINA HATARI?

Utasema: meli kubwa namna hii, mtoto atapata taabu gani? Aa, si hivyo. Meli ikiwa kubwa, bahari haipungui kina.

Tarehe 13 Januari, 2012, meli kubwa ya likizo, Costa Concordia, iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia. Watu 32 walikufa. Mmoja wao alikuwa mtoto wa miaka 5. Abiria waliopanda siku ile ile walikuwa bado hawajafundishwa la kufanya meli ikipata ajali. Wakati huo sheria iliruhusu mafunzo hayo yafanywe ndani ya saa 24 baada ya kupanda. Sheria ikabadilishwa. Tangu mwaka 2015, mafunzo lazima yafanywe kabla meli haijang'oa nanga, au mara tu inapoondoka.

MAMBO AMBAYO MZAZI HUYAFANYA

1. Hutazama umri wa mtoto. Meli nyingi hazichukui mtoto mchanga chini ya miezi 6. Kwa safari ndefu za bahari kuu, mara nyingi hutakiwa awe ametimiza miezi 12. Sababu ni kwamba hospitali iko mbali.

2. Hukagua jaketi la kuokolea maisha, yaani lile vazi la kuelea majini. Jaketi la mtu mzima halimfai mtoto. Mtoto huchopoka akazama. Sheria inataka kila mtoto awe na jaketi la kimo chake. Katika meli nyingi mtoto huvishwa pia bangili yenye namba ya mahali pa kukutania wakati wa hatari.

3. Hukaa karibu na bwawa. Si kila meli ina mlinzi wa bwawa. Mtoto huzama kimya kimya, kwa dakika chache tu. Kwa hiyo mzazi haachi macho yake. Na kwenye roshani haweki kiti karibu na ukingo, maana mtoto atapanda.

4. Humnawisha mikono. Watu wengi wakila pamoja, ugonjwa wa kuhara na kutapika huenea upesi. Sabuni na maji ndiyo kinga yake. Ile dawa ya kupaka mikononi peke yake haitoshi.

5. Huangalia majira. Kuanzia Juni mpaka mwisho wa Novemba ni majira ya vimbunga huko Karibi. Nahodha akisikia kimbunga kinakuja, hubadilisha njia.

SISI TUNAJIFUNZA NINI?

Likizo hiyo ni ya wenye fedha. Lakini maji ni maji, yawe ya Karibi au ya kwetu. Mwaka 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, katika Ziwa Victoria. Kilikuwa kimejaza watu kupita kiasi. Walikufa watu zaidi ya 200.

Basi ndugu, ukipanda chombo na mtoto, uliza kabla hakijaondoka: Jaketi la mtoto wangu liko wapi? Mvishe. Chombo kikijaa mno, shuka, usione haya. Sasa unajua kusoma: soma idadi ya abiria iliyoandikwa kwenye chombo, kisha tazama watu waliomo. Tahadhari kabla ya hatari.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini jaketi la mtu mzima halimfai mtoto?
2. Sheria ya mafunzo melini ilibadilishwa kwa sababu gani?
3. Katika vyombo vya kwenu, je, yako majaketi ya watoto? Kama hayapo, mtamwambia nani?