Picha 60, imeili moja: punguza zote kwa mkupuo



Juzi kijana mmoja wa parachichi alinipigia simu. Mnunuzi anataka kuona shamba lake kabla ya kuja: miti, matunda, njia ya gari, na mahali pa kupangia mzigo. Kapiga picha 60 kwa simu, kuzituma kwa imeili zinagoma. Bando linakata, na mnunuzi ana wakulima wengine wa kuwasikiliza.

Tupige hesabu kidogo. Simu ya megapikseli 12 inatoa picha ya pikseli 4000 kwa 3000, yenye uzito wa megabaiti 3 hadi 5. Tuseme 4. Mara 60 ni megabaiti 240, wakati Gmail hairuhusu kutuma viambatisho vinavyozidi megabaiti 25. Picha hiyo hiyo ikishushwa hadi pikseli 1024 kwa 768, inabaki na kilobaiti 250 hivi. Zote 60 zinakuwa kama megabaiti 15, na kwenye kioo cha kompyuta bado zinaonekana vizuri tu.

Usizipunguze moja moja, utakesha. Kwenye kompyuta ya Windows, fanya hivi:

1. Pakua Microsoft PowerToys, ni ya bure. Ndani yake kuna kifaa kinaitwa Image Resizer.
2. Hamisha picha kutoka kwenye simu kwa waya, ziweke kwenye folda moja.
3. Fungua folda, bonyeza Ctrl na A kuzichagua zote.
4. Bonyeza kitufe cha kulia cha mausi, chagua Image Resizer.
5. Chagua saizi ya "Medium", kisha bonyeza "Resize".

Subiri kidogo. Utakuta kila picha ina nakala ndogo yenye neno Medium kwenye jina. Hizo ndizo za kutuma.

Sasa hapa sikiliza vizuri. Kwenye dirisha hilo kuna kiboksi cha kuruhusu picha halisi zenyewe zipunguzwe, bila kutengeneza nakala. Usikiweke tiki. Mimi niliwahi kukiweka, nikaumia. Nilikuwa na picha za viazi mviringo nilivyovishuku kuwa na bakajani chelewa. Mtaalamu wa magonjwa aliponiambia nikuze sehemu ya chini ya jani, aone kama kuna ukungu mweupe pembeni ya doa, picha ikawa ukungu mtupu. Kilichopunguzwa hakirudi. Nikafunga safari tena kwenda shambani, na kwa baridi na mvua za huku, ugonjwa ule hausubiri mtu. Siku nilizopoteza mimi, mkulima alizilipa kwa viazi vyake.

Kwa hiyo shika hili: picha ya kumwonyesha mnunuzi shamba, punguza. Picha ya ugonjwa au mdudu, tuma ikiwa kamili. Hata WhatsApp, ukiituma kama picha ya kawaida, huwa inaipunguza, kwa hiyo itume kama dokumenti. Chagua tatu au nne zilizo wazi, inatosha.

Yule kijana alizituma zote jioni ile ile. Nawe jaribu leo kwa picha tano tu, usisubiri siku mnunuzi yuko kwenye simu. Ukikwama, njoo ofisini na kompyuta yako.