Mtoto Aliyezaliwa Kabla ya Wakati

Mimba ya mwanadamu hutimia kwa majuma 40. Mtoto azaliwaye kabla ya majuma 37 huhesabiwa kuwa amekuja kabla ya wakati wake, na watu wengi humwita njiti. Aliyezaliwa katika juma la 28 ni mdogo mno: uzito wake wapata kilo 1, sawa na pakiti ya sukari, na ngozi yake ni nyembamba hata mishipa ya damu yaonekana. Viungo vyote anavyo. Lakini vingine havijajifunza kazi yake bado.

Hatari ya kwanza ni pumzi. Mapafu yamefanywa kwa vifuko vidogo sana vya hewa, na ndani ya kila kifuko pana utando wa maji. Maji hayo huvuta pande za kifuko zishikamane, kama karatasi mbili zilizolowa zinavyogandamana. Mtoto aliyetimia ana mafuta fulani mapafuni yanayozuia mvuto huo. Njiti hanayo ya kutosha. Kwa hiyo vifuko hujifunga kila atoapo pumzi, naye hana budi kuvifungua tena kwa nguvu zake zote. Atafanya hivyo kwa saa kadhaa, kisha huchoka.

Mwezi wa Agosti 1963, Patrick, mtoto wa Rais Kennedy wa Marekani, alizaliwa mapema kwa majuma matano na nusu. Uzito wake ulizidi kilo 2, tena alitunzwa na waganga hodari. Lakini siku mbili hazijatimia akafa kwa ugonjwa huu. Sababu yake ilikwisha kujulikana, maana Mary Ellen Avery na Jere Mead waliieleza mwaka 1959. Ila dawa haikuwapo. Hata mwaka 1980, mganga Mjapani, Tetsuro Fujiwara, akatoa habari za watoto 10 aliowatia mapafuni mafuta yaliyotokana na mapafu ya ng'ombe. Siku hizi dawa ya namna hiyo hupitishwa kwa mpira mwembamba hata mapafuni, na mara nyingi mtoto aliyekuwa akihema kwa shida hutulia.

Baridi nayo huua. Njiti hana mafuta chini ya ngozi, na joto lake hupotea upesi kama la kikombe kidogo cha chai. Mganga Stéphane Tarnier wa Paris aliona katika bustani ya wanyama makasha ya kuangulia mayai ya kuku, akaagiza kasha kama hilo kwa ajili ya watoto. Likaanza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 1880, likipashwa joto kwa maji ya moto. Mashine za leo ni uzao wa kasha lile. Mjini Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, mashine zilikuwa haba, na watoto walilazwa zaidi ya mmoja katika moja, wakiambukizana magonjwa. Mganga Edgar Rey akawapa akina mama kazi ya mashine: mtoto akishatulia, afungwe wima kifuani, ngozi kwa ngozi, usiku na mchana. Njia hii huitwa ya kangaruu, nayo hutumika Afrika ya Mashariki pia. Joto la kifua halipungui umeme ukikatika, na maziwa yako karibu.

Kunyonya ni kazi ngumu kuliko watu wanavyodhani. Sharti mtoto afyonze, ameze na kupumua kwa zamu, na mambo hayo hayapatani mpaka juma la 34 hivi. Kabla ya hapo maziwa ya mama hukamuliwa, yakapitishwa kwa mpira hata tumboni, mwanzo matone tu. Siku za kwanza uzito hushuka, na mama asiyeambiwa mapema huona mtoto anamponyoka. Baada ya majuma mawili hivi huurudia uzito wa kuzaliwa, kisha huongezeka: leo gramu 20, kesho si kitu. Pengine usingizini husahau kupumua. Muuguzi humsugua unyayo, naye hukumbuka. Hupewa pia kafeini, ile ile iliyomo katika kahawa.

Haruhusiwi kwenda nyumbani mpaka apumue siku kadhaa bila kusahau, akae na joto lake mwenyewe, anyonye na kunenepa. Wengi wa juma la 28 huyafikia hayo karibu na siku waliyopasa kuzaliwa, au majuma machache kabla yake. Hapo mtoto ana umri wa miezi miwili na zaidi, na huenda bado akawa mdogo kuliko mtoto wa jirani aliyezaliwa jana.