Joto na halijoto: kuhusu mafuta ya taa na mafuta ya ndege

"Mafuta ya ndege huwaka kwa joto kiasi gani?" Swali hili lina majibu mawili, kwa kuwa neno joto katika matumizi ya kila siku hubeba dhana mbili: nishati inayotolewa na kitu kinachowaka, na kipimo cha ukali wake, ambacho wanaistilahi hukiita halijoto au jotoridi.

Tuchukue mafuta ya taa yapimwayo kwa chupa katika maduka ya Kariakoo. Mafuta ya ndege yajazwayo katika Uwanja wa Julius Nyerere ni ndugu yake wa karibu. Yote hutoka katika tabaka moja la mafuta ghafi, ila ya ndege hukaguliwa zaidi, na sharti yasigande hadi kwenye nyuzi 47 za Selsiasi chini ya sifuri. Kilo moja hutoa joto lilelile, takriban megajuli 43, iungue katika koroboi au katika injini. Kinachotofautiana ni halijoto. Moto wa mafuta yaliyomwagika mahali pa wazi huwa kwenye nyuzi 1,000 hivi, kwa sababu hewa haiwafikii mafuta sawasawa na joto hutawanyika. Ndani ya injini hewa hushindiliwa kwanza, ikapanda mamia ya nyuzi kabla ya kuguswa na mafuta. Mafuta nayo hunyunyizwa kama ukungu, na kiini cha mwali huvuka nyuzi 2,000. Hapo aloi ya nikeli ya mapanga ya injini ingeyeyuka, kama gesi hiyo isingechanganywa na hewa ya ziada, na kama mapanga yenyewe yasingepozwa kwa hewa ipitayo katika vitundu vyembamba.

Ipo halijoto nyingine, na kwa mpishi wa jiko la mafuta ndiyo yenye uzito: ile ambayo mvuke wa mafuta huanza kushika moto ukikaribiwa na kiberiti. Kwa mafuta ya ndege haipaswi kuwa chini ya nyuzi 38. Kwa petroli ni takriban 40 chini ya sifuri. Kwa hiyo dumu lililobakiza petroli kidogo, likijazwa mafuta ya taa, huweza kuteketeza chumba, ilhali jina lililotamkwa dukani halikubadilika.

Kitenzi kuchakachua kilivuma katika mazingira ya namna hii, ingawa kwa mwelekeo mwingine: mafuta ya taa, yaliyokuwa nafuu, yalitiwa katika dizeli. Mwaka 2010 EWURA ilianza kuyatia mafuta kiasilia cha kuyatambulisha, na mwaka 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili tofauti ya bei iondoke. Kitenzi hakikungoja hayo. Katika uchaguzi wa 2010 watu walikuwa wakisema tayari kwamba kura zimechakachuliwa.