Kiajemi baada ya alifu na be

Anayeanza kujifunza Kiajemi, au Kifarsi kama Wairani wenyewe wanavyokiita, akiwa Handeni au Korogwe huona mambo mepesi mapema. Kama amepita madrasa, herufi anazijua. Zinabaki nne tu za kuongeza: pe, che, zhe na gaf. Maneno nayo yanamlaki: ketab, safar, khabar, bandar. Naamini wepesi huo ndio unaomkwamisha baadaye. Anaendelea kuokota maneno yanayofanana na yetu, wakati sasa angepaswa kuhangaikia muundo wa sentensi na adabu ya mazungumzo.

Chukua serikali. Tumelipata kutoka sarkar ya Kiajemi, lakini leo Tehran sarkar ni neno la kumwita mtu kwa heshima. Serikali huitwa dowlat. Kufanana huko hakumfikishi mtu mbali. Tazama badala yake sentensi ya mtu anayesema anakwenda sokoni: man be bazar miravam. Kitenzi kimekaa mwisho, na alama ya “mimi” ni -am iliyo mkiani mwake, pale ambapo sisi tungetanguliza ni-. Kisha mitaani miravam hufupishwa kuwa miram, na nan, yaani mkate, hutamkwa nun. Aliyejifunza kwa kitabu peke yake atasoma gazeti vizuri na asielewe mwuza mikate.

Wapo watakaosema kwamba Uajemi ni sehemu ya asili ya pwani yetu, basi lugha yake haitatusumbua. Asili hiyo ina ushahidi. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2023, uliochunguza masalia ya watu 80 wa kale, ulionyesha kuwa kuanzia karibu mwaka 1000 wanaume wenye asili ya Uajemi walizaa na wanawake wa Kiafrika wa pwani. Hata bara, mwandishi wa Habari za Wakilindi, Abdallah bin Hemedi, aliyewahi kumtumikia mtawala Semboja wa Mazinde, ambayo leo imo wilayani Korogwe, alibeba nisba ya Liajjemy, yaani Mwajemi. Lakini watoto wa ndoa zile walikua na lugha ya mama zao, na Abdallah aliandika kitabu chake kwa Kiswahili. Damu haikurithisha lugha. Hata leo hairithishi.

Swali zito zaidi ni hili: Handeni utazungumza na nani? Ni kweli watu ni wachache. Lakini sauti zinapatikana kwa simu, na Wairani wana desturi moja inayofaa kusikilizwa kwa makini, taarof. Mwenye duka akiulizwa bei huweza kujibu ghabel nadare, yaani haina thamani ya kutajwa. Hiyo ni heshima. Mnunuzi husisitiza mpaka atajiwe bei, kisha hulipa. Anayeijua sarufi yote ila hajui hilo ataondoka na bidhaa bila kulipa, na atakuwa amemvunjia mwenzake heshima. Kwa hiyo utafutapo rekodi, anza na mazungumzo ya sokoni na nyumbani kabla ya taarifa za habari, na kila sentensi iandike mara mbili: inavyoandikwa na inavyosemwa.