Kipimo cha Pua na Kipimo cha Jicho

Kata ya Chiyoda, iliyo katikati ya Tokyo na ambamo mna kasri la Kaizari wa Japani, jumba la bunge na stesheni kuu ya reli, mwaka 2002 ilikuwa na wakazi yapata elfu arobaini tu waliolala humo, ilhali mchana, watu wa ofisi na wanunuzi na wasafiri wakisha kumiminika kutoka katika magari ya moshi, hesabu yao ilipita laki nane. Katika msongamano wa namna hiyo, mtu atembeaye na sigara mkononi huwa amechukua kaa la moto lenye joto la nyuzi mia kadhaa, na mkono huo, unaposhuka ubavuni baada ya kuvuta pafu moja, hukaa sawasawa na uso wa mtoto. Baraza la kata lilikuwa limewasihi watu kwa mabango na kwa maneno ya upole wasivute wakitembea, wala wasitupe vipisi njiani. Na nasaha zilipokosa wa kuzisikiliza, likapitisha sheria ndogo iliyoanza mwezi wa Oktoba 2002, na tangu Novemba ya mwaka ule mvutaji aliyekutwa katika njia zilizokatazwa akawa hutozwa yeni 2,000 papo hapo. Ilikuwa ya kwanza ya namna yake katika Japani, na mabaraza mengine mengi yakaifuata.

Msomaji mwangalifu ataona kwamba katika kisa hiki mapafu hayakutajwa kabisa. Kilichowashughulisha watu wa Chiyoda ni moto na taka, mambo mawili yaonekanayo kwa macho, na kwa sababu hiyo ilitokea hali ambayo mgeni angeistaajabia: mtu aliyezuiwa kuvuta barabarani aliweza, kwa miaka zaidi ya kumi na saba iliyofuata, kuingia katika mkahawa wa pale pale, akaagiza kahawa yake na kuiwasha sigara ile ile mbele ya wenzake bila ya kuadhibiwa na sheria ya taifa, maana sheria ya Japani ya kuzuia uvutaji ndani ya majengo haikutimiza nguvu zake zote ila mwezi wa Aprili 2020. Na Japani, kwa hakika, ndiyo nchi iliyoupa ulimwengu mojawapo ya ithibati za mwanzo kwamba moshi wa mtu humdhuru jirani yake. Mwaka 1981 Takeshi Hirayama, mtaalamu wa taasisi ya saratani mjini Tokyo, alitangaza matokeo ya uchunguzi alimowafuatilia wake 91,540 wasiovuta sigara kwa muda wa miaka 14, akaonyesha kwamba wale ambao waume zao walivuta walikufa kwa saratani ya mapafu zaidi kuliko wale ambao waume zao hawakuvuta, na kwamba kadiri mume alivyozidi kuvuta ndivyo hatari ya mkewe ilivyozidi. Kampuni za tumbaku zilimwandama kwa miaka mingi; hoja yake ikasimama. Lakini wanawake wale waliupata moshi wao nyumbani, nyuma ya milango iliyofungwa, mahali ambapo hakuna mkaguzi wa manispaa aliyewahi kuingia na kitabu chake cha faini.

Je, nje, chini ya mbingu, moshi huwaje? Sigara hutoa moshi wa namna mbili. Wa kwanza ni ule anaouvuta mvutaji mwenyewe, ambao hupita katika kichungi na kuzimuliwa ndani ya kifua chake kabla ya kuutoa. Wa pili ni ule unaofuka wenyewe kutoka katika ncha iwakayo, kati ya pafu moja na jingine, na huu, kwa kuwa huzaliwa katika joto la chini, ambapo tumbaku haiungui ikaisha, na kwa kuwa haupiti katika kichungi chochote, una sumu nyingi zaidi kwa kadiri ya uzito wake, nao ndio sehemu kubwa ya kile anachokipumua jirani. Ndani yake mna kemikali zaidi ya 7,000, ambazo takriban 70 zinajulikana kuleta saratani. Chembe zake aghalabu hazifiki maikromita moja, udogo unaoziwezesha kupita pua na koo na kushuka mpaka katika vifuko vya mwisho vya mapafu, ambamo damu hukutana na hewa. Tena mwili hauchelewi kuzijibu, kwa maana baada ya muda mfupi tu damu ya mtu asiyevuta huanza kuwa nyepesi kuganda, jambo ambalo mwenye maradhi ya moyo hana budi kuliogopa kuliko saratani ya miaka ishirini ijayo.

Hayo ni maumbile ya moshi popote ulipo. Tofauti ya ndani na nje ni tofauti ya muda na masafa. Mwaka 2007 Neil Klepeis, Wayne Ott na Paul Switzer wa Chuo Kikuu cha Stanford walitoa matokeo ya vipimo walivyovifanya katika bustani, mabaraza ya mikahawa na pembezoni mwa barabara za California, na walichokiona hakikumpendeza kila mtu. Upande wa chini ya upepo, katika nusu mita kutoka kwa mvutaji, wingi wa chembe waweza kufikia ule wa ndani ya chumba kilichojaa wavutaji; ukipita mita mbili, hukaribia kuwa si kitu mbele ya hewa ya kawaida ya mahali pale; na sigara ikizimwa, moshi hutoweka mara moja, tofauti na chumbani ambamo hukawia kwa saa nyingi. Aketiye upande unakotoka upepo hapati hata harufu. Wavutaji wakikusanyika, mathalani mlangoni pa jengo la ofisi au chini ya kibanda cha kungojea basi, hesabu hubadilika, maana mawingu yao madogo huungana, na paa na kuta huyazuia yasitawanyike.

Kwa hiyo pua ina kipimo chake, nacho ni kifupi. Mji ulioshika kipimo hiki kwa uaminifu kuliko mingine niijuayo ni Milano, katika Italia ya kaskazini. Tangu tarehe 1 Januari 2025 ni marufuku kuvuta sigara katika njia na viwanja vyote vya umma vya mji huo, isipokuwa mvutaji awe mbali na watu wengine kwa mita 10 au zaidi, na mkaidi hutozwa baina ya euro 40 na 240. Amri hiyo imo katika kanuni za mji za usafi wa hewa, wala si ajabu, kwa kuwa Milano imo katika bonde la mto Po ambalo limezungukwa na milima, na wakati wa baridi hewa hutuama humo kwa siku nyingi bila kuondoka na uchafu wake. Mita 10 ni ukarimu zaidi kuliko zile mbili za Stanford, lakini upepo hubadilika, na sheria haiwezi kumtaka mtu alowanishe kidole na kukiinua kabla ya kuwasha kiberiti. Swali la nani atazipima mita hizo, saa kumi na moja jioni watu wakitoka kazini, naliacha kwa polisi wa Milano.

Wapo walioona kwamba hoja ya pua ikisukumwa nje ya mpaka wake huharibika. Simon Chapman wa Chuo Kikuu cha Sydney, mtu aliyetumia umri wake kupigana na kampuni za tumbaku, aliandika mwaka 2008 katika jarida la British Medical Journal kupinga marufuku ya jumla katika sehemu za wazi, akihofia kwamba elimu ikidai zaidi ya inavyojua, hata pale inapojua haitaaminiwa. Waliompinga, George Thomson na wenzake wa New Zealand, hawakujaribu kumshinda kwa hesabu za chembe. Walileta hoja nyingine kabisa, ya kwamba mtoto hujifunza kwa kutazama, na mji ambao watu wazima huvuta kila pembe humfundisha kuwa kuvuta ni ada ya watu wazima. Hiki ndicho kipimo cha jicho, nacho hakina mita mbili wala kumi, kwa kuwa jicho hufika mbali. Sheria ya Uganda ya mwaka 2015 ilikataza kuvuta si ndani ya mahali pa umma tu, bali hata umbali wa mita 50 kutoka hapo, masafa ambayo hakuna upepo unaoyaeleza, lakini jicho huyaeleza vyema. Nairobi nayo, tangu mwaka 2007 baraza la jiji lilipopiga marufuku kuvuta hadharani na kutenga sehemu maalumu za wavutaji, imechagua njia iliyo baina ya hizo mbili: moshi haukuondolewa mjini, umepewa pembe yake.

Mimi naelekea upande wa jicho, ila kwa sharti kwamba wenye kuamrisha wajue wanachokifanya, kwa maana mvutaji aliyefukuzwa haendi mbinguni. Chiyoda iliona wavutaji wake wakihamia katika bustani ndogo za mitaa, zilizokuwa nje ya marufuku ya barabara, yaani penye pembea za watoto wenyewe, hata kata ikaanza kutoa fedha kwa wenye majengo wanaokubali kujenga vyumba vya kuvutia. Kadhalika wajue habari ya vipisi: kichungi cha sigara hutengenezwa kwa selulozi asetati, ambayo ni aina ya plastiki, na mwaka 2011 watafiti wa San Diego walipoloweka vipisi majini walikuta kwamba kipisi kimoja katika lita moja ya maji chatosha kuua nusu ya samaki wa majaribio kwa muda wa siku nne. Ambaye mji wake una mifereji iendayo baharini hahitaji hoja ya mapafu ili kuwazuia watu kuvitupa.

Zimebaki sigara za kielektroniki, ambazo vijana huziita vepu, na hapa vipimo viwili huachana waziwazi. Vepu haina ncha inayofuka. Haitoi kitu mpaka ivutwe, na nikotini nyingi hubaki mwilini mwa mvutaji. Kinachotoka kinywani mwake ni matone madogo ya propileni glikoli na gliserini, ambayo nje hukauka na kupotea kwa nukta chache. Haina maana kwamba ni hewa safi, wala kwamba mwenye kuivuta amesalimika. Lakini kwa mpita njia aliye mita tatu mbali, dhara lake ni vigumu kulipima. Milano, ikifuata pua, imeziacha nje ya marufuku yake. Uganda, ikifuata jicho, ilizikataza nchini kwa sheria ile ile ya 2015, pamoja na shisha. Kila upande umefuata mizani yake sawasawa, na diwani atakayeziandika vepu na sigara katika bango moja la katikati ya mji ana haki ya kufanya hivyo, ila asiandike chini yake kwamba ni kwa ajili ya mapafu ya wapita njia. Aandike kwamba ni kwa ajili ya wanafunzi wanaopita pale saa nane mchana, shule zikifunguliwa milango, na kwamba vepu hizo huuzwa zenye ladha ya embe.