Karte ya kwanza ya mtoto aliye Marekani: deni dogo la kujenga jina

Juma hili tunazungumza juu ya jambo linaloingia katika nyumba zetu kwa njia ya telefone. Mtoto aliyekwenda Marekani amefikisha miaka 18 ama 20, ameanza kazi, na siku moja anasema: «Mama, hapa wananiambia nichukue karte ya mkopo.» Mama anashituka. Tulimlea mtoto tukimwambia akimbie madeni, sasa wageni wanamfundisha kuyatafuta?

Jamaa nyingi za Kongo zinahusika. Katika mwaka wa 2016 pekee, Marekani ilipokea wakimbizi zaidi ya 16,000 kutoka inchi yetu, na hakuna inchi nyingine iliyopeleka wengi kupita sisi mwaka huo. Waliofika wakiwa watoto, leo ni vijana wanaotafuta nyumba ya kupanga na gari ya kwendea kazini. Mama aliye Bukavu, Uvira ama Lubumbashi ndiye wanayemuuliza shauri. Basi tumeona ni vizuri tuelewe jambo lenyewe, ili shauri letu lisitoke katika woga tu.

Karne ya AVEC, lakini ya inchi nzima

Katika AVEC kila mwanamke ana karne yake. Ndani yake kuna mihuri ya akiba, mkopo aliochukua, na siku aliyolipa. Mama akija kuomba mkopo mkubwa, wenzake hawaangalii nguo zake. Wanafungua karne. Kama alilipa vizuri mara ya kwanza na ya pili, wanampa. Kama alikimbia, wanakumbuka.

Marekani wana karne ya namna hiyo kwa kila mtu mzima. Inaandikwa na kampuni tatu kubwa: Equifax, Experian na TransUnion. Banki na kampuni za karte zinazipelekea habari kila mwezi: huyu alikopa kiasi gani, alilipa siku gani. Kutoka habari hizo wanapiga hesabu ya alama. Ile inayotumika sana inaitwa FICO, inaanzia 300 na kufika 850. Alama ikiwa juu, mtu anaaminiwa.

Jambo moja linawasumbua vijana wetu. Mtu asiyekuwa na deni lolote hahesabiwi kuwa mwaminifu. Anahesabiwa kuwa hajulikani. Karne yake ni tupu. Mwenye nyumba anaangalia alama kabla ya kutoa ufunguo, na asipoona kitu anaweza kudai garanti kubwa. Anayeuza gari kwa mkopo anaweza kukataa, ama kutia riba ya juu. Kwa hiyo yule anayemwambia mtoto wako achukue karte, si lazima awe mdanganyifu.

Karte gani inaandika karne?

Hapa vijana wengi wanakosea. Karte ya kawaida ya banki, ile inayotoa pesa zako mwenyewe, haijengi alama. Karte ya kujaza pesa mbele na kuzitumia nayo haijengi. Inayoandikwa ni karte ya mkopo, ambayo kampuni inakulipia dukani, halafu mwisho wa mwezi inakuletea hesabu.

Kwa kijana anayeanza, kuna njia tatu.

Ya kwanza ni karte ya garanti. Sisi tunaifahamu garanti ya nyumba: unaweka pesa kwa mwenye nyumba, ukitoka vizuri anakurudishia. Karte hii inafanya hivyo hivyo. Kijana anaweka, kwa mfano, dola 200, na anaruhusiwa kukopa mpaka dola 200. Akilipa vizuri kwa miezi kadhaa, kampuni nyingi zinamrudishia garanti na kumpa karte ya kawaida. Kwa mtu aliyefika karibuni, hii ndiyo njia iliyo wazi zaidi.

Ya pili ni karte ya mwanafunzi, kwa yule anayesoma chuo kikuu na ana mapato kidogo. Haidai garanti. Lakini sheria ya Marekani ya mwaka wa 2009 inasema kijana wa chini ya miaka 21 anapaswa kuonyesha mapato yake mwenyewe, ama kuwa na mtu mzima anayemdhamini.

Ya tatu ni kuandikwa juu ya karte ya mtu wa jamaa, kama shangazi ama kaka mkubwa aliye kule na anayelipa vizuri. Historia nzuri ya shangazi inaweza kuandikwa pia katika karne ya kijana. Lakini shangazi akichelewa, uchafu unaweza kumwangukia kijana naye. Na kijana akitumia ovyo, anayedaiwa ni shangazi. Njia hii inataka watu wanaosema ukweli kati yao.

Tena, waliosafirishwa katika mpango wa wakimbizi wanakumbuka karatasi ya deni la tikiti ya ndege waliyoitia sahihi kwa OIM. Deni hilo halina riba, na malipo huanza karibu miezi sita baada ya kufika. Watu wengine hulidharau kwa sababu hakuna anayepiga mlango. Lakini malipo yake yanaweza kuandikwa katika karne ya aliyetia sahihi. Kabla ya kutafuta deni jipya, mtu aangalie kama hili la zamani linalipwa.

Mambo ya kuangalia kabla ya kutia sahihi

Matangazo ya karte yanaonyesha zawadi: pesa kidogo inayorudi, pointi za ndege, bei inayopunguzwa siku ya kwanza. Kwa karte ya kwanza, hayo yasimvute kijana. Aulize haya:

Je, kuna malipo ya kila mwaka? Karte nzuri za kuanzia ziko nyingi ambazo hazidai kitu. Hakuna sababu ya kulipa ili uruhusiwe kukopa.

Je, kampuni inapeleka habari kwa zile karne zote tatu? Kama haipeleki, kijana atalipa vizuri mwaka mzima na hakuna atakayejua.

Garanti inarudi lini, na kwa masharti gani?

Riba ni ngapi? Karte nyingi kule zina riba ya zaidi ya asilimia 20 kwa mwaka. Za maduka ya nguo na ya vyombo mara nyingi zinapita hapo, na ndizo zinazotolewa pale kwenye kulipia, wakati kijana ana haraka na mstari uko nyuma yake. Aseme hapana, aende akasome nyumbani.

Ni vizuri pia aulize katika koperativa za akiba na mikopo za kule, zinazofanana na COOPEC zetu. Wanachama ndio wenye mali, na mara nyingi riba yake ni ya chini kuliko ya banki kubwa.

Na asiombe karte tano kwa siku moja ili aone itakayokubali. Kila ombi linaandikwa, na maombi mengi yanashusha alama. Achague moja.

Namna ya kuitumia bila kufungwa

Katika alama ya FICO, sehemu kubwa kuliko zote ni kulipa kwa wakati: asilimia 35. Inayofuata, asilimia 30, ni kiasi cha deni alicho nacho mtu. Sehemu zinazobaki ni urefu wa historia, maombi mapya, na aina za mikopo. Kwa hiyo kijana akishika mambo mawili ya kwanza, ameshika sehemu kubwa ya kazi.

Tuweke mfano. Karte ina kikomo cha dola 200. Kijana anachagua kitu kimoja ambacho angekinunua hata bila karte, kama tikiti ya basi ama chakula, kitu cha dola 30. Hesabu ya mwezi ikifika, analipa dola 30 zote. Karte inakaa ndani ya nyumba siku zinazobaki. Wenye ujuzi wanashauri deni lisipite asilimia 30 ya kikomo, na kwa dola 200 hiyo ni dola 60. Kwa kawaida, baada ya miezi sita hivi, alama ya kwanza inaonekana.

Kuna uongo unaozunguka kati ya vijana, kwamba lazima uache deni kidogo mwezi kwa mwezi ili alama ipande. Si kweli. Anayelipa yote kwa siku yake anajenga alama, na kwa kawaida hatoi riba hata franga moja.

Hatari iko katika neno «malipo ya chini kabisa». Karatasi inasema: unadaiwa dola 500, lakini ukitoa dola 25 inatosha. Kijana anafurahi. Kama riba ni asilimia 24 kwa mwaka, mwezi wa kwanza karibu dola 10 kati ya zile 25 zinakwenda kwa riba. Akiendelea kutoa dola 25 tu, atamaliza baada ya miaka miwili na zaidi, na atakuwa ametoa karibu dola 145 juu ya deni lenyewe. Wamama wanaojua banque lambert wa mtaani wanaelewa tunasema nini. Karte hii haitukani mtu mbele ya majirani, lakini inakula polepole.

Na siku ya kulipa isipite. Aiombe banki ilipe yenyewe kila mwezi kutoka kwa pesa zake. Akichelewa siku chache, anatozwa faini. Akipitisha siku 30, kuchelewa huko kunaweza kuandikwa katika karne na kukaa humo miaka saba.

Na sisi tulio huku nyumbani

Sasa tuseme neno gumu, na tuliseme kwa upendo. Tunapompigia mtoto telefone usiku juu ya matanga, ada za masomo, ama mgonjwa aliye hospitali, mtoto hana nguvu ya kusema hapana. Kama mshahara wake umekwisha, mkononi amebaki na ile karte. Anaipeleka kwenye mashini na kutoa pesa taslimu.

Hiyo ndiyo njia ya gharama kubwa kuliko zote za kutumia karte. Kutoa pesa taslimu kunatozwa peke yake, mara nyingi asilimia 5. Riba inaanza siku ile ile, bila kungoja hesabu ya mwezi, na mara nyingi ni ya juu kuliko riba ya kununua. Ongeza gharama ya kutuma. Dola 200 zinazofika kwetu zimemwachia yeye deni linalozidi 200, na karte yake yenye kikomo kidogo imejaa. Mwezi unaofuata anachelewa, karne inachafuka, na nyumba aliyoitafuta inamponyoka.

Hatusemi tusiombe. Jamaa ni jamaa, na watoto wetu wenyewe wanataka kusaidia. Tunasema tumuulize swali moja kabla ya kupokea: «Pesa hii inatoka kwa mshahara ama kwa karte?» Kama ni karte, tumwambie aache. Mfuko wa mshikamano katika kikundi chetu uliwekwa kwa ajili ya siku kama hizo. Mkopo wa AVEC tunaulipa kati yetu, mbele ya watu wanaotujua, na faida yake inabaki katika sanduku letu.

Tena, mtoto asimpe mtu karte yake, hata rafiki wa kanisani ama binamu aliyefika jana. Asitume picha yake kwa telefone, hata kwetu. Na anayesema «nipe dola mia kadhaa nitasafisha alama yako» akimbiwe. Deni la kweli lililoandikwa halifutwi kwa kununua. Kama kuna kosa katika karne, kijana anaweza kulilalamikia mwenyewe bila malipo. Kusoma karne yake pia ni bure kwa anwani ya intaneti AnnualCreditReport.com, na kuisoma hakushushi alama.

Maswali ya kuuliza kwa telefone

Tunaomba mama mwenye mtoto kule akate kipande hiki na kukiweka karibu na telefone:

1. Karte yako inadai malipo ya kila mwaka?
2. Wanaandika katika karne zote tatu?
3. Mwezi huu umelipa deni lote, ama malipo ya chini tu?
4. Banki inalipa yenyewe, ama unangoja kukumbuka?
5. Kuna mtu mwingine anayeishika karte yako?
6. Umewahi kutoa pesa taslimu kwa karte hiyo kwa sababu yetu?

Swali la sita liulizwe kwa sauti ya upole, mtoto akiwa na nafasi ya kujibu kweli. Kama jibu ni ndiyo, msifokeane. Mwulize amebaki na deni gani, mpange pamoja miezi mingapi ataacha kutuma mpaka limalizike, na muwajulishe ndugu wengine ili asipigiwe na kila mtu.

Katika mikutano ya vikundi ya juma lijalo, tunawaomba wenye watoto ama wajukuu Marekani walete majibu waliyoyapata. Walio na watoto hapa hapa wasikae nje ya mazungumzo. Kijana anayechukua mkopo wake wa kwanza katika COOPEC ama kwa telefone naye anahitaji kuulizwa: ni wa nini, riba ni ngapi, na utalipa siku gani?